Mjomba hayumo kwenye katiba

Ujumbe uliingia kwenye grupu asubuhi, watu ndo kwanza wanasaini daftari la mahudhurio, wengine bado wako kwa mama wa chapati nje ya geti.

"Ndugu wanachama, mwenzetu wa masjala amefiwa na mjomba wake huko Newala. Kwa mujibu wa katiba yetu mjomba hayumo kwenye orodha ya wategemezi, hivyo mfuko hautahusika na msiba huu. Atakayeguswa anaweza kumtumia pole binafsi kwenye namba yake. Tumuombee mwenzetu."

Chini yake zikashuka pole. Pole sana mdogo wangu, Innalillahi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na vile vikono vya dua vingi mpaka kidole kinachoka. Afu akaingia mtu wa michezo anauliza saizi za jezi za SHIMISEMITA, ile michezo ya watumishi wa serikali za mitaa, nani anavaa L nani XL, na grupu likaendelea na mambo yake.

Mimi nikabaki kwenye ule ujumbe wa kwanza.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na katibu wa mfuko wetu wa misiba wa watumishi wa halmashauri, ni mtu muungwana sana na alichoandika ni kweli tupu, katiba nimeisoma na ndivyo inavyosema. Ila kuna kitu kilinikaa kifuani na wiki zinapita hakitoki, niko kijijini na vikundi nakiwaza, niko kwenye kikao cha bajeti watu wanabishana vifungu nakiwaza. Kwahiyo naandika, maana najua halmashauri nyingi huku kusini zina mifuko kama wetu na pengine kuna mtu wa masjala wa kwenu naye amenyamaza tu.

"Nilitaka waje wakae"

Alirudi kazini wiki iliyofuata. Nilienda masjala kufuata jalada la kikundi kimoja cha mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, nikamkuta anaandika barua zilizoingia kwenye rejista, tarehe, namba ya kumbukumbu, imetoka wapi, imeenda kwa nani. Mwandiko wake ule ule ulionyooka. Ofisini kwetu kama faili limepotea miaka mitatu, yeye ndo anajua lilipo, huwa hata haangalii kwenye kabati mara mbili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, pole na msiba mdogo wangu."

"Nishapoa."

Akanipa jalada langu. Nikasaini kulichukua. Nilipokuwa nageuka akasema, bila kuinua kichwa kwenye rejista, "Dada mimi sikutaka hela yao. Nilitaka waje wakae."

Mtu wa huku haitaji maelezo hapo. Mtu akiajiriwa serikalini, kijijini kwao huyo ni mtoto wa watu wote, na siku anafiwa watu wanaangalia barabarani. Wanasubiri gari. Wakishuka watu wa ofisini, hata wawe watano tu, wanapelekwa moja kwa moja kwa wafiwa, mmoja wao anasimama anasema sisi tunatoka kazini kwa mtoto wenu, tumekuja kulia na nyie, bahasha inatolewa kwa mikono miwili, mzee wa familia anapokea. Ni dakika kumi. Lakini zile dakika kumi zinamwambia mama mtu kwamba mwanae huko aliko hayuko peke yake.

Alinisimulia baadae, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje wakati wa chai. Mama yake alimuuliza siku ya maziko, "Wenzio wanafika saa ngapi?" Akajibu wako njiani. Siku ya pili akaulizwa tena na mama mkubwa. Siku ya kuanua tanga, wanawake wa jikoni walikuwa wametenga sinia la wageni wa mjini, wamelifunika kawa, likakaa pale mpaka alasiri afu watoto wakagawiwa.

Hakulaumu mtu. Alisimulia tu hivo hivo, sinia, kawa, watoto.

Huyo mjomba ni nani

Kwa wenzetu wa mikoa mingine naomba muwe wavumilivu kidogo. Huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, na sisi Wamwera wa upande wa Lindi, ukoo unaufuata kwa mama. Baba yako ni baba yako na heshima yake iko pale pale, ila mtu wa kwenu hasa, yule mwenye sauti juu yako, ni kaka yake mama yako. Mjomba ndo alikuwa anaangalia mpwa aende jando lini. Posa ikija inapelekwa kwake. Ukigombana na mumeo yeye ndo anakaa kikao. Na ukifa, yeye ndo anaulizwa mtu wenu azikwe wapi.

Najua mambo yamebadilika, sitaki kuandika kana kwamba tunaishi zama za bibi zetu. Wazee wenyewe wanakwambia mikorosho ilibadilisha mengi. Shamba la mtama ulikuwa unalima unahama, ila mkorosho ukiupanda unakaa miaka na miaka, unazaa hela, na mtu akishapanda na mke wake na wanae anataka wanae ndo wauokote. Ukaja urithi wa kidini, ikaja mirathi ya mahakamani, watu wakahamia mjini wanaishi baba na mama na watoto. Kuna vijana wa Mtwara mjini leo ukiwauliza mjomba wao anaitwa nani wanafikiria kwanza.

Lakini huyu dada wa masjala hakuwa na mjomba wa kufikiria kwanza.

Baba yake aliondoka kwenda Dar kutafuta, hakurudi. Mjomba ndo alimchukua yeye na kaka yake. Mzee wa mikorosho tu ya kawaida, si mingi. Msimu ukiwa mbaya alikuwa anauza kangomba, yaani anampa mlanguzi korosho kwa kibaba na kwa bei ya kutupa kabla ya mnada, anajua kabisa anaibiwa, ila sare ya shule haisubiri mnada. Ule msimu wa 2018, jeshi lilipotumwa kuja kubeba korosho na serikali ikatangaza bei ya 3,300 kwa kilo, binti alikuwa anasoma Chuo cha Utumishi wa Umma hapa tawi la Mtwara, utunzaji wa kumbukumbu, na mjomba akawa anasubiri malipo wiki baada ya wiki huku chuo kinadai ada. Mwisho akauza baiskeli na mbuzi. Binti akafanya mtihani.

Yani ule mwandiko ulionyooka kwenye rejista yetu, ile akili ya kujua kila faili lilipo, imelipiwa na yule mzee. Halmashauri inaitumia kila siku.

Afu mzee huyo kwenye orodha yetu hayumo, ila baba mkwe wa huyu dada yumo. Wazazi wa mwenza wako kifungu kilekile na wazazi. Baba mkwe ambaye amemuona kwenye harusi na Idd mbili.

Katiba ilitokea wapi

Nilimtafuta mmoja wa walioanzisha mfuko, sasa hivi ameshastaafu na ana duka lake. Akaniambia wakati ule walikuwa na haraka, alikuwa amefariki mtumishi wakachangishana kwa shida mpaka aibu, wakasema hapana, tuwe na mfuko. Mmoja alikuwa amehamia kutoka halmashauri ya kaskazini, alikuwa na nakala ya katiba ya kule kwenye flashi. Wakafuta jina la kule wakaweka la kwetu. Wakapitisha siku hiyo hiyo.

Hakuna aliyekaa akasema wajomba wa kusini tuwatoe. Ndo kitu kinachoniuma zaidi maana hata wa kumlalamikia hayupo. Katiba iliandikwa na watu ambao kwao ukoo unakwenda kwa baba, kwa ajili ya watu ambao kwao ukoo unakwenda kwa baba, ikasafiri kwenye flashi mpaka Mtwara na sisi wenyewe tukainyooshea mkono.

Na si mfuko wetu peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi ruhusa ya angalau siku 4 zenye malipo akifiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu yake wa kuzaliwa. Nimeisoma na kurudia. Babu yumo, mjukuu yumo. Mjomba hayumo. Dada wa masjala alikwenda Newala kwa siku za likizo yake ya mwaka, na afisa utumishi aliyemsainia hakufanya kosa lolote.

Sisi wa maendeleo ya jamii kazi yetu mojawapo ni kuwafundisha akina mama kuandika katiba za vikundi. Tunawaambia msinakili, andikeni yenu, andikeni mnavyoishi. Nimelisema hilo chini ya miembe mingi tu.

Mhasibu akafungua kikokotoo

Nilipoleta hoja kwenye kamati nilidhani itakuwa rahisi. Haikuwa.

Mhasibu ni mtu wa hesabu na hesabu zake hazina hila. Akasema tuko wanachama mia mbili, elfu tano kila mmoja kwa mwezi, ni milioni moja. Msiba mmoja wa mzazi ni laki tatu. Misiba mitatu kwa mwezi ni laki tisa, na kuna miezi inafika mitatu. Kilichobaki ni laki moja, hapo hujanunua hata daftari la risiti. Sasa dada yangu, akaniambia, mama yako alizaliwa na kaka zake wangapi? Nikasema wanne. Akanyamaza, akanigeuzia kikokotoo.

Katibu naye akaongea, na hapa ndo nilitikisika maana alisema kitu cha kweli. Yeye ni wa Bukoba. "Kwetu baba mdogo ni baba, simuiti vingine. Alipofariki mwaka juzi sikuleta kwenye mfuko kwasababu katiba haimtaji, nikakata tiketi nikaenda kumzika kimya kimya. Leo tukimuingiza mjomba kwa ajili ya watu wa kusini, baba yangu mdogo ataingia lini?"

Mtu wa ardhi, Mluguru, akasema na kwao Uluguru ni hivo hivo kama huku, mjomba ndo mwenye neno. Mwingine akaja na shangazi aliyemlea. Mwingine akasema bibi. Kikao kikawa kila mtu anamleta mtu wake aliyekufa mezani, na kila mmoja alikuwa na haki.

Nilitoka pale nimechoka. Ni kweli orodha haiwezi kutuchukua wote. Ajira zetu zinapitia Sekretarieti ya Ajira, mtu anapangiwa kituo kutoka Kagera, Mara, Njombe, ofisi moja ina makabila ya nchi nzima. Ukiandika ya Wamakonde unamwacha Mhaya, ukiandika ya wote mfuko unakufa kabla ya Desemba.

Kwa siku kadhaa nilikaribia kuacha.

Likatolewa wazo la fomu, kila mwanachama aandike majina manne anayoyataka mwenyewe, awe mjomba awe nani, mfuko uwalipie hao tu. Lilinivutia sana. Nikalipeleka kwa dada wa masjala nikiamini atafurahi. Akaniangalia. "Dada, nikae niandike majina ya watu wazima wako hai, kwamba hawa ndo wakifa nilipwe? Mama akiliona karatasi hilo atasema namchuria." Tena akauliza, mama ana kaka mwingine amebaki na mdogo mmoja wa kike, na babu, na mume, na watoto wangu wawili, nimfute nani?

Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina.

Akina mama wa kwenye uwanda

Kilichonirudisha ni kikundi kimoja cha akina mama kule juu uwandani, wanaweka na kukopa, wana mfuko wa jamii kama vikundi vyote. Nilienda kwa kazi zangu za ufuatiliaji, si kwa ajili ya hili, ila tulipomaliza vitabu nikawauliza mfuko wenu wa jamii mnatoa kwa msiba gani na gani.

Wakaangaliana. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, akanijibu, "Mwanangu, si tunaenda tunamuona? Kama kakaa mkekani na wafiwa, ni msiba wake. Kama kakaa na sisi tuliokuja kuhani, sio wake."

Basi. Ndo sheria yao nzima.

Nikasema na mtu akidanganya? Wakacheka kweli kweli. Atadanganyaje na wanawake wawili wa kikundi wanakwenda kulala huko tangu siku ya kwanza, wanabeba maji, wanapika, wanaona nani ananyolewa na nani anafungwa kitambaa. Hela inatolewa siku ya kuondoka. Na hela yenyewe ni ndogo, haifiki hata robo ya tunayotoa sisi.

Nilikaa na hilo jibu njiani kote. Kwanza nililipinga, kwasababu wale ni majirani, wanajuana mpaka shimo la maji, wakati sisi mwenzetu akifiwa Kibondo nani atakwenda kuangalia kakaa mkeka gani? Halafu taratibu nikaona kwamba wenzetu wale wameanza na kwenda. Hela inakuja nyuma ya miguu. Sisi tumeanza na hela, na miguu tumeifunga kwenye hela, kwahiyo kifungu kikikataa kutoa, basi na kwenda kumekataliwa hapo hapo, hata bila mtu kukusudia. Soma tena ule ujumbe wa grupu. Hakuna aliyesema msiende. Ila gari linaombwa na mfuko, wawakilishi wanateuliwa na mfuko, taarifa inasomwa na mfuko, mfuko ukisema sihusiki watu mia mbili wanakaa.

Mhasibu ana haki na hela zake, zina mwisho. Lakini kwenda kuna hitaji gani la orodha?

Arobaini

Arobaini ya mzee iliangukia Jumamosi. Nikaandika kwenye grupu, si kwa jina la mfuko, kwa jina langu: naenda Newala kwenye hitma ya mjomba wa mwenzetu, mwenye nafasi tuchangie mafuta. Nilitegemea watu watatu. Noah ilijaa, wengine wakapanda basi.

Katibu alikuja. Alivaa kanzu ya kuazima na yeye ni Mkristo wa Bukoba.

Tukapita Nanyamba, Tandahimba, tukapandisha. Masika yamekolea, mbaazi na mtama pande zote, mikorosho imefunga majani mpaka chini kuna giza. Kuna wenzetu wawili wako Mtwara muda mrefu na hawajawahi kufika Newala, walikuwa wanapiga picha za barabara tu.

Tulipofika mama yake dada alitushika mmoja mmoja. Alikuwa anauliza, "Na wewe wa kazini? Na wewe?" kama anahesabu. Tukasema ndio mama. Mimi nikasimama nikasema maneno yale yanayosemwa, tumetoka kazini kwa mwanenu, tumechelewa lakini tumekuja, na bahasha tuliyochangishana ndani ya gari ikapokelewa.

Baada ya dua wazee wakamwita kaka yake wa tumbo moja, kijana dereva wa bodaboda, wakamkalisha katikati. Wakamwambia mjomba wenu ameondoka, kuanzia leo watoto wa dada yako ni wa kwako, wakiumwa uulizwe, wakisoma uulizwe, usije ukasema hujaambiwa. Kijana akaitikia. Watoto wawili wa dada wakasukumwa waende wakakae karibu nae, yule mdogo akampandia mapajani akaanza kuchezea funguo za pikipiki.

Katibu aliona yote. Njiani kurudi alikuwa kimya mpaka karibu na Nanyamba, ndo akasema, "Ila dada, hesabu hazikubali." Nikamwambia najua. Akasema, "Lakini hili la kwenda tungeweza." Nikamwambia ndo ninachosema.

Ninachoomba

Kuna mtu wa mifugo kwenye lile gari alitoa wazo ambalo nimelibeba nzima nzima. Yeye kwao ni Kigoma. Akasema mimi sitegemei mtu atoke Mtwara aje Kasulu kunizikia mama yangu mdogo, ni mbali, sitawasumbua. Lakini Tanzania bara ina halmashauri 184 na kila moja ina watumishi kama sisi na karibu zote zina mfuko. Katibu wetu akipiga simu kwa katibu wa kule, akasema mwenzetu yuko msibani kijiji fulani, tunaomba watu wawili wakakae kwa niaba yetu, watakataa? Na wa kule mtumishi wao akifiwa Masasi au Nachingwea, sisi si tutakwenda?

Gari zima likanyamaza afu likaanza kuongea kwa pamoja. Maana kila mtu alikuwa na msiba wake wa mbali aliokwenda peke yake.

Wanaopinga wapo na wana hoja. Afisa mmoja ninayemheshimu ameniambia nikileta utaratibu huu watu watakwenda wiki ya kwanza, mwezi wa pili wataanza kuteuana, mwezi wa tatu itabaki kazi ya watu walewale wanne wenye huruma, na wao watachoka. Anaweza kuwa sahihi. Mwingine anauliza mafuta. Magari ya halmashauri ni ya kazi na dizeli yake ina bajeti yake, hilo halina ubishi na sitaki liguswe. Noah ya kukodi kwenda Newala na kurudi tulichanga watu wa kwenye gari na ikatosha, ila Liwale si Newala, na masika yakikata barabara hata Noah haisaidii. Pia kuna wenzetu wa mikataba na walinzi wa kampuni ambao hawamo kabisa kwenye mfuko, wanafiwa na hata meseji haiandikwi. Hilo nalo nimeulizwa na nimeona ni kweli, hoja yangu ya kwanza ilikuwa imewaacha, nimeirekebisha.

Mkutano mkuu wa mfuko ni Juni. Nimeshampelekea katibu hoja kwa maandishi, ameipokea na kuigonga muhuri masjala, dada ndo ameiingiza kwenye rejista. Inasema hivi:

Malipo ya mfuko yabaki kwa orodha iliyopo mpaka hesabu ziruhusu vinginevyo, ila mwanachama aliyelelewa na mtu asiye mzazi wake, na wenzake wawili wakathibitisha, mtu huyo ahesabiwe mzazi.

Kila msiba ambao mwenzetu amekaa mkekani utangazwe kwenye grupu kwa namna moja, bila kutaja kama mfuko unahusika au hauhusiki. Hilo la hela aambiwe mwenyewe pembeni.

Kila msiba wapatikane watu wasiopungua watatu wa kwenda, kwa zamu ya idara, kwa nauli ya kuchangishana, na ukiwa nje ya mkoa katibu apige simu kwa halmashauri iliyo karibu.

Haya yawahusu wote wanaofanya kazi ndani ya geti letu, awe na cheki namba ya mshahara wa serikali au hana.

Walioko Lindi, Mtama, Masasi, Nanyumbu, Tandahimba na kwingine kote, katiba zenu ziko kwenye kabati la mtu fulani. Naomba mkaifungue kabla ya mkutano wenu, mtazame kifungu cha wategemezi, na mniandikie kwenu kikoje. Nataka niende Juni nikiwa nazo mkononi.